Dirisha si Kitabu: Kisakale cha Mtakatifu Juliani na Suala la Chanzo katika Fasihi Simulizi

Katika kanisa kuu la Rouen, kaskazini mwa Ufaransa, limo dirisha la vioo vya rangi la karne ya 13 linaloonyesha maisha ya Mtakatifu Juliani, yule ambaye Wakristo wa Ulaya ya zama za kati walimwomba wakiwa safarini ili wapate malazi mema. Dirisha hilo lingeweza kubaki likitazamwa na waumini na wageni tu, lau Gustave Flaubert, mzaliwa wa mji huo huo, asingeandika hadithi juu ya mtakatifu huyo na kuichapisha mwaka 1877 katika kitabu chake Trois contes. Mwishoni mwa hadithi hiyo mwandishi anamwarifu msomaji kuwa aliyoyasoma yanalingana, kwa kukaribia tu, na yale yaonekanayo katika dirisha la kanisa la kwao. Tangu hapo wahakiki hawakupumzika. Wapo waliolichukulia dirisha kuwa ndilo chanzo cha hadithi. Wapo waliokipendelea kitabu cha Jacobus de Voragine. Wapo waliosaka hati za Kifaransa cha kale zilizopigwa chapa katika karne ya 19. Mwaka 1977, karne nzima baada ya hadithi kutoka, Benjamin Bart na Robert Francis Cook walitoa kitabu kizima juu ya suala hilo moja.

Makala haya hayakusudii kuongeza jina jingine katika orodha hiyo. Nakusudia kutoa maoni juu ya neno lenyewe, yaani chanzo, kwa kuwa ni neno tunalolitumia kila siku katika idara zetu za Kiswahili, na nadhani tunalitumia vibaya. Dirisha la Rouen linafaa kuwa mfano kwa sababu ushahidi wake uko wazi na hauna mwenyewe miongoni mwetu wa kukasirika.

Kisakale na kioo

Kwa jinsi kilivyoandikwa na Jacobus de Voragine, mtawa wa shirika la Wadominiko, katika Legenda aurea aliyoikusanya katika miaka ya 1260, kisakale hiki ni kifupi mno. Juliani, kijana wa ukoo bora, alikuwa akiwinda. Ayala aliyekuwa akimwandama akageuka, akasema naye, akamtabiria kuwa atawaua baba yake na mama yake. Juliani akaingiwa na hofu, akatoroka kwao pasi na kuaga. Akafika nchi ya mbali, akamtumikia mtawala wa huko kwa uaminifu, naye akamtukuza na kumwoza mjane wa nasaba aliyemletea ngome. Wazazi nao wakatoka kumtafuta mwana wao, wakafika ngomeni siku ambayo mwenyewe hayupo. Mkewe alipowasikiliza akatambua ni nani, akawapokea, akawalaza katika kitanda chake na cha mumewe. Asubuhi akaenda kanisani. Juliani akarejea, akaingia chumbani, akaona watu wawili wamelala. Akadhani ni mkewe na hawara. Akauchomoa upanga taratibu, akawaua wote wawili. Na alipotoka nje akakutana na mkewe akirudi kusali.

Sehemu ya pili ni ya toba. Mume anataka kuondoka peke yake, mke anakataa kuachwa: aliyeshiriki furaha atashiriki na msiba. Wanakwenda pamoja kwenye mto mpana ambao umewazamisha wengi, wanajenga nyumba ya wageni, na Juliani anakuwa mvushaji. Usiku mmoja wa baridi kali inasikika sauti ya mtu akiomba kuvushwa. Juliani anamkuta karibu kufa kwa baridi, anamleta nyumbani, anamwashia moto, na moto usipofaa anamlaza katika kitanda chake mwenyewe na kumfunika. Yule mgonjwa aliyeonekana kuwa na ukoma anapaa aking'ara, na kumwambia kuwa toba yake imepokewa, na kwamba yeye na mkewe wote wawili watapumzika karibuni.

Hakuna ushahidi wa kihistoria kwamba mtu huyu alipata kuishi. Kisakale hakina mwaka wala nchi. Voragine mwenyewe anamweka katika sura moja na akina Juliani wengine, askofu mmoja, shahidi mmoja, hata na yule Kaizari Juliani aliyeuasi Ukristo, kana kwamba kilichowakutanisha ni jina tu. Nalitaja hili kwa kupita, maana baadhi ya wanafunzi wetu hudhani kuwa kisakale kisichothibitika ni kisakale kilichoharibika.

Sasa tuliangalie dirisha. Fundi wa karne ya 13 hakupaka rangi juu ya kioo kama mtu apakavyo ukuta. Rangi ilikuwamo ndani ya kioo chenyewe, imetokana na madini yaliyoyeyushwa pamoja nacho: kobalti kwa buluu, shaba kwa nyekundu, manganizi kwa zambarau. Nyuso, vidole na mikunjo ya nguo vilichorwa kwa rangi nzito ya oksidi ya chuma au shaba iliyochanganywa na unga wa kioo, kisha vipande vikaokwa tanuruni na kuunganishwa kwa fito za risasi. Fito hizo ndizo zinazoamua mengi. Kila tukio limefungiwa katika fremu yake ndogo. Humo huingia watu wachache, kitanda, mlango, pengine mti mmoja wa kuashiria msitu. Mtazamaji husimama chini, mbali, na aghalabu huanza kusoma kutoka fremu za chini kwenda juu, kinyume na desturi ya ukurasa.

Katika nafasi hiyo finyu kuna jambo ambalo kioo hakiliwezi kabisa. Tazama fremu ya mauaji. Twaona mtu mwenye upanga na watu wawili kitandani. Kioo kinaweza kuonyesha upanga; hakiwezi kuonyesha kudhani. Hakina namna ya kutuambia kwamba muuaji anaamini anamwua mke mzinifu, ilhali waliolala ni wazazi wake. Na kisakale chote kimesimama juu ya dhana hiyo moja potofu. Mgeni asiyepata kukisikia, akiletwa mbele ya dirisha na kuachwa peke yake, ataona jambazi aliyewavamia watu usingizini, kisha kwa sababu isiyoeleweka akafanywa mvushaji wa mto na mtakatifu. Atashangaa Kanisa linawafunza nini watu wake.

Mambo ya namna hiyo ni mengi. Kinywa cha ayala kinaweza kuchorwa, bali utabiri hauchoreki. Mke anaweza kuonyeshwa akiwapokea wazee wawili, bali kule kutambua kwake kuwa hawa ni wakwe zake hakuonekani. Yaani vile viungo vinavyoligeuza tukio kuwa kisa, kujua, kutojua, kukumbuka, kukosea, vyote viko nje ya kioo. Viko katika kinywa cha msimulizi na katika masikio ya hadhira iliyokwisha kumsikia.

Wasiojua kusoma walisoma nini?

Ni mazoea ya muda mrefu kuyaita madirisha haya kitabu cha wasiojua kusoma. Mazoea hayo huegemezwa kwa Papa Gregori Mkuu, ambaye mnamo mwaka 600 alimwandikia Serenus, askofu wa Marseille aliyekuwa amevunja picha za kanisani kwake, akimkanya kuwa picha huwawezesha wasio na elimu kusoma ukutani yale wasiyoweza kuyasoma vitabuni. Kauli hii imerudiwa mara nyingi mno hata ikawa kama kanuni. Lawrence Duggan aliihoji vizuri katika makala yake ya mwaka 1989, akionyesha kuwa picha haiwezi kumfundisha mtu jambo ambalo hakulijua kwa njia nyingine. Inaweza tu kumkumbusha alilokwisha kulijua.

Nakubaliana naye, na ningependa kwenda hatua moja mbele, kwa maana sisi tuliolelewa katika taaluma ya fasihi simulizi tuna msamiati ambao yeye hakuwa nao. M.M. Mulokozi, katika makala yake ya 1989 juu ya tanzu za fasihi simulizi yaliyotoka katika Mulika, alisisitiza kuwa fasihi simulizi ni tukio: kuna fanani, hadhira, mahali na wakati, na utungo hauwi utungo nje ya mkutano wa hayo yote. Tukilipokea wazo hilo kwa dhati, dirisha la Rouen halitakuwa tena matini. Litakuwa sehemu ya mahali. Ni kitu alichokuwa nacho msimulizi, padri mimbarini au bibi aliyemshika mjukuu mkono, cha kukinyoshea kidole wakati akisimulia. Wala hapana budi kuwa kila aliyenyosha kidole alisimulia vilevile.

Chini ya dirisha hilo wamo wachuuzi wa samaki wakiwa kazini mwao. Ndio waliolitolea fedha, na kama ilivyokuwa desturi, wakaonyeshwa humo. Huko Chartres, katika kanisa kuu jingine lenye dirisha la Mtakatifu Juliani la mwanzo wa karne hiyo hiyo, waliolitoa ni maseremala pamoja na waunda magurudumu na mapipa. Kisakale ni kimoja, wenyewe ni mbali. Sidhani kuwa ni kujasiri mno kusema kwamba mchuuzi wa samaki wa Rouen, ambaye riziki yake ilimjia kwa maji ya Seine, alipofika kwenye fremu za mto hakusikia kitu kile kile alichosikia seremala wa Chartres. Wa kwanza alijua baridi ya maji usiku. Lakini hayo yalisemwa, hayakuandikwa, nayo yamepotea. Kilichobaki ni kioo, na sisi kwa kukosa usimulizi tumekiita kioo usimulizi.

Tarehe zinavyotudanganya

Hapa ndipo suala la chanzo linapojitokeza kwa ukali wake. Madirisha ya Chartres na Rouen yalitengenezwa katika miongo ya awali ya karne ya 13. Legenda aurea ilikusanywa katika miaka ya 1260. Basi kitabu, ambacho kwa mazoea hutajwa kuwa chanzo cha picha za watakatifu, kwa madirisha haya kilikuja baadaye. Je, tugeuze basi na kusema kuwa dirisha ndilo chanzo cha kitabu? Voragine aliishi Italia, na hakuhitaji kioo cha Wafaransa ili ajue kisa kilichokuwa kikisimuliwa pote. Ukweli ulio rahisi ni kwamba vyote viwili vilichota kisima kimoja, na kisima hicho hakikuwa cha wino.

Tuna mfano wetu wenyewe usiohitaji safari ndefu. Edward Steere alichapisha habari za Liyongo katika Swahili Tales mwaka 1870. Muhammad bin Abubakar Kijumwa wa Lamu aliandika utenzi wake mwaka 1913, miaka 43 baadaye. Mtu anayezitazama tarehe pekee angeweza kuchora mshale kutoka kwa Steere kwenda kwa Kijumwa na kuuita uhakiki. Yeyote aijuaye Lamu atacheka, maana Kijumwa hakuhitaji kitabu cha askofu Mwingereza kumweleza habari za Liyongo. Lakini kicheko hicho hatukitumii kwa wengine. Mara ngapi tumesoma katika tasnifu kwamba chanzo cha kisa fulani ni kitabu fulani, kwa sababu tu kitabu hicho ndicho cha kwanza kupatikana maktabani? Kutangulia kuchapishwa si kutangulia kuwako.

Flaubert, kwa upande wake, alilijua hili kuliko wahakiki wake. Alikuwa akilifahamu dirisha, na pia kitabu cha E.-H. Langlois juu ya uchoraji wa vioo, kilichotoka Rouen mwaka 1832 kikiwa na mchoro wa dirisha hilo uliochorwa na binti yake, Espérance Langlois. Mwaka 1879 alimwandikia mchapishaji wake, Georges Charpentier, akitaka mchoro huo utiwe mwishoni mwa toleo la fahari la hadithi yake. Alitaka utiwe kama hati ya kihistoria, si kama pambo. Na alifurahia mapema kwamba msomaji, akilinganisha picha na hadithi, angebaki kujiuliza huyu bwana aliyatoa wapi haya katika hayo. Yaani mwandishi aliyedai kuwa dirisha ndilo shahidi wake alitamani shahidi huyo asimame mbele ya watu ili waone jinsi asivyokubaliana naye. Karne nzima ya wasaka vyanzo ilikuwa imejibiwa na mzaha wake kabla haijaanza.

Mke aliyeondolewa mtoni

Lakini mzaha huo una gharama, na hii ndiyo sehemu iliyonifanya nichukue kalamu. Katika hadithi ya Flaubert, Juliani baada ya mauaji anaondoka peke yake. Mkewe anabaki nyuma. Mtoni hayupo, Juliani anavusha watu peke yake, anampokea mkoma peke yake, na anapaa peke yake. Katika Voragine, kama tulivyoona, mke ndiye anayekataa kuachwa. Nyumba ya wageni ni yao wawili, na msamaha ni wao wawili. Katika dirisha pia yumo, kando ya mumewe, mtoni.

Simlaumu Flaubert kama mtunzi. Upweke aliomvika Juliani ndio uliompa mwisho wa kutisha na kupendeza kwa pamoja, na mtunzi ana haki ya kutia na kutoa. Ninachokilalamikia ni kilichofuata. Msomaji wa leo anayemjua Mtakatifu Juliani amemjua mara nyingi kupitia kalamu hiyo moja. Toleo moja, kwa kuwa liliandikwa na bingwa, limekuwa ndilo kisakale. Na mwanamke ambaye kwa karne kadhaa alisimuliwa akisema hapana, nitakwenda nawe, amenyamazishwa bila mtu yeyote kukusudia. Hakufutwa na mfalme wala askofu. Amefutwa na umaarufu wa matini moja.

Ni wanawake wangapi, watumwa wangapi, wazee wangapi wasio na jina wamekwisha kutoka katika visakale vyetu kwa njia hiyo? Siwezi kutoa idadi, na sidhani kama yupo awezaye. Naweza tu kueleza nilichokishuhudia. Miaka kadhaa iliyopita nilipewa kuitahini tasnifu ya uzamili juu ya visakale vya eneo moja la bara. Mtahiniwa alikuwa amerekodi wasimulizi saba wa kisa kimoja. Katika kiambatisho ilikuwamo matini moja tu, safi, imenyooshwa. Nilipouliza zile sita ziko wapi, nilijibiwa kwamba msimamizi alishauri zichanganywe ili lipatikane toleo kamili, na kwamba yale maneno ya pembeni, vikohozi, vicheko na makatizo ya wasikilizaji, yaliondolewa kwa kuwa si sehemu ya hadithi. Nilipoomba kuzisikia kanda, ziligundulika kuwa zimerekodiwa upya juu yake. Hata aliyetoa ushauri huo simwoni kuwa mwovu. Alitaka kazi iliyo nadhifu.

Unadhifu huo ndio ninaoupinga. Toleo kamili lililochanganywa kutoka vinywa saba halikupata kusimuliwa na mtu yeyote mahali popote. Ni dirisha bila wachuuzi wa samaki. Na mwanafunzi atakayekuja miaka 30 baadaye atalikuta maktabani, ataliita chanzo, na atachora mshale kutoka kwake.

Wapo watakaojibu kwamba kurasa ni ghali, kwamba jarida halichapishi matoleo saba ya kisa kimoja, na kwamba msomaji atachoka. Kuhusu msomaji sina hakika. Msomaji wa uzamili anayechoshwa na jinsi bibi wawili wanavyohitilafiana juu ya nani aliyefungua mlango amekosea chumba. Kuhusu kurasa hoja ilikuwa na uzito zamani. Leo kanda nzima za msimulizi, na tafsiri yake, na picha ya pale aliposimamia, zinaingia katika kifaa cha ukubwa wa kidole gumba. Kinachokosekana ni mazoea ya kuuliza. Mtahini auliza mara ngapi dhana ya nadharia iko wapi, na mara ngapi auliza sauti ziko wapi?

Katika idara kadhaa nilizozitembelea yamo makabati yenye kanda za kaseti za miaka ya 1970 na 1980, baadhi zikiwa na lebo ya jina la kijiji tu, nyingine hazina kitu. Ukanda wa sumaku huharibika kwa joto na unyevu, na mwambao wetu unavyo vyote viwili. Kabla ya kuandika makala nyingine juu ya chanzo cha kisa chochote, ningemsihi kila mkuu wa idara atafute ufunguo wa kabati lake.